Mwalimu Mtarajiwa na Darasa la Leo: Kufundisha ni Kumwona Mtoto Mmoja Mmoja

Utangulizi

Katika parokia zetu wapo vijana wengi wanaosomea ualimu, wengine katika vyuo vya ualimu na wengine katika vyuo vikuu. Tunawaona wakati wa likizo wakiimba kwaya na kuwasaidia makatekista kuwaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza, kisha wanarudi masomoni. Baada ya muda mfupi watakabidhiwa watoto wetu. Kwa hiyo, swali kuhusu aina ya darasa ambalo vijana hawa wanalibeba mawazoni mwao haliwahusu wakufunzi wao peke yao. Linamhusu kila mzazi na kila mwamini. Mwalimu, kwa sehemu kubwa, hufundisha kama alivyofundishwa. Asipojengewa maono mapya, atayaendeleza ya zamani yote, mema na mabaya kwa pamoja.

Makala hii imeandikwa na mmoja wa hao wanaojiandaa. Inakusudia kueleza mafundisho ya Mama Kanisa kuhusu kazi ya mwalimu, maana halisi ya ufundishaji wa kisasa, na mchango ambao familia na parokia zinapaswa kuutoa ili maono hayo yasiishie kwenye karatasi za mitihani ya chuo.

Ualimu ni wito unaodai kujifanya upya

Tarehe 28 Oktoba 1965, Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano walitoa Tamko kuhusu Elimu ya Kikristo, liitwalo Gravissimum Educationis. Ni hati fupi, lakini imebeba misingi mizito. Inafundisha kwamba kila mtu, bila kujali asili, hali wala umri wake, ana haki isiyoondoleka ya kupata elimu (n. 1). Inafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao (n. 3). Tena inauita ualimu wito, unaohitaji akili na moyo wenye karama za pekee, maandalizi ya makini, na utayari wa kujifanya upya siku zote (n. 5).

Msingi huu wa mwisho unastahili kutafakariwa. Mababa wa Mtaguso hawakuridhika na mwalimu kuwa mtu mwema anayesali. Walimtaka pia awe tayari kubadilika. Mwalimu anayerudia andalio lilelile la somo kwa miaka 20, huku watoto wakibadilika mbele yake, anapungukiwa katika wito wake hata kama mwenendo wake ni safi. Miaka 60 baada ya tamko hilo, mwezi Oktoba 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV ameandika barua ya kitume kuhusu elimu, akisisitiza kwamba malezi ni kazi ya jumuiya nzima. Hakuna anayeweza kulea peke yake.

Kristo mwenyewe ndiye kielelezo. Injili zinamwonyesha akifundisha kwa mifano iliyotoka shambani, ziwani na jikoni. Mara nyingi alijibu swali kwa swali, ili msikilizaji afike kwenye ukweli kwa miguu yake mwenyewe (taz. Lk 10:25-37). Alifundisha makutano, lakini hakuacha kumwona mtu mmoja: Zakayo juu ya mkuyu, mwanamke Msamaria kisimani, Bartimayo kando ya njia.

Darasa lenyewe lilipata kuwa jambo jipya

Wapo waamini wanaoona mbinu mpya za kufundishia kama jambo la kigeni lisilohusiana na imani. Historia ya Kanisa inaonyesha vinginevyo. Katika Ufaransa ya karne ya 17, katika shule nyingi mwalimu alimwita mtoto mmoja mmoja mezani pake, huku wengine wakikaa bila kazi hadi zamu yao ifike. Mtoto aliyeanza kusoma alianza kwa Kilatini, lugha ambayo hakuizungumza nyumbani. Watoto wa maskini waliacha shule mapema, nao waliondoka bila kujua kusoma lugha yoyote.

Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, aliyezaliwa Reims mwaka 1651 katika familia ya watu wenye nafasi, alikuwa padre aliyekutana na walimu wachache waliokuwa hoi kwa umaskini na kwa kukosa maandalizi. Aliwakaribisha nyumbani kwake, na kutokana na kundi hilo likazaliwa Shirika la Ndugu wa Shule za Kikristo. Wakati wa njaa ya miaka ya 1683 na 1684 aligawa mali yake kwa maskini. Katika shule zake watoto walipangwa kwa makundi kulingana na kiwango chao, wakafundishwa pamoja, na walianza kusoma kwa Kifaransa, lugha ya mama zao. Alianzisha pia nyumba za kuwaandaa walimu, jambo lililokuwa geni wakati huo. Alifariki dunia mwaka 1719, na mwaka 1950 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu.

Hilo ndilo chimbuko la mengi tunayoyaona leo kuwa ya kawaida. Mtakatifu huyu hakubadilisha mbinu kwa kupenda mambo mapya. Alitazama watoto waliokuwa wakipotea, akajiuliza ni nini kinachowazuia kujifunza, kisha akakiondoa. Mwalimu mtarajiwa anayetaka kujua kama mbinu fulani inafaa anaweza kuanza na swali lilelile: je, inamwondolea mtoto kizuizi, au inampendezesha mkaguzi tu?

Swali la lugha bado lipo nasi. Katika shule zetu za msingi za umma mtoto hujifunza kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akijibu kwa sauti katika darasa la saba hunyamaza ghafla kidato cha kwanza. Ukimya huo si ujinga. Ni mtu aliyepoteza kitu cha kusemea. Mwalimu mwenye maono humfundisha kwanza maneno machache muhimu ya somo la siku, humpa nafasi ya kujadiliana na jirani yake kwa lugha anayoimudu, ndipo humwomba aandike jibu kwa lugha ya mtihani.

Kutoka kukariri hadi kuelewa

Tanzania imekuwa ikisisitiza ufundishaji unaojenga umahiri tangu mabadiliko ya mtaala wa sekondari ya mwaka 2005. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unaendeleza mwelekeo huo kwa kuipa nafasi kubwa zaidi elimu ya amali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inaelekeza elimu ya lazima iwe ya miaka 10. Wazo lenyewe lina mizizi mirefu nchini. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, aliyekuwa amefundisha katika shule za Kikatoliki za Mtakatifu Maria, Tabora, na Mtakatifu Fransisko, Pugu, aliikosoa elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kuhesabu kilichomo vitabuni kuwa ndicho maarifa pekee.

Lakini neno “umahiri” linasemwa kuliko linavyoeleweka. Tutoe mfano mmoja wa darasani, katika somo la Hisabati, mada ya sehemu. Mwalimu akiuliza robo na thumuni ipi ni kubwa, watoto wengi hujibu kwamba ni thumuni. Sababu yao ina mantiki: nane ni kubwa kuliko nne. Mwalimu wa mtindo wa zamani atasema “kosa”, ataandika jibu sahihi ubaoni, na watoto watalinakili. Kesho akiuliza kuhusu sehemu ya tano na sehemu ya tisa, kosa litarudi vilevile, kwa sababu fikra iliyolizaa haijaguswa.

Mwalimu wa darasa la leo huuliza: “Umejuaje?” Kisha husikiliza. Akishaisikia sababu, huwapa watoto karatasi mbili zinazolingana. Moja wanaikunja mara mbili ili wapate vipande vinne, nyingine mara tatu ili wapate vipande vinane. Wanavikata na kuvilinganisha. Huwauliza pia: chapati moja ikigawanywa kwa watoto wanne, na nyingine kwa watoto wanane, wewe ungependa kukaa kundi gani? Hapo mtoto anajisahihisha mwenyewe: kadiri wagawaji wanavyozidi, ndivyo kipande kinavyopungua. Hatalisahau, maana amelivumbua kwa mikono yake. Somo zima limehitaji karatasi, mkasi na subira.

Kwa mfano huu tunaona kwamba ufundishaji wa kisasa hautegemei kwanza umeme wala kompyuta. Unategemea mwalimu anayelichukua kosa la mtoto kuwa dirisha la kutazamia fikra zake, badala ya kulichukua kuwa dharau au uvivu. Pia unamdai mwalimu alijue somo lake vizuri zaidi, si kidogo zaidi, kwa sababu anayeuliza maswali hajui atajibiwa nini.

Darasa lenye watoto wengi

Msomaji anaweza kusema: hayo ni mazuri kwa darasa la watoto 20. Pingamizi hilo ni la haki. Kiwango kilichowekwa kwa shule zetu za msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, lakini sote tunafahamu madarasa yanayokizidi sana. Katika shule moja tulikofanyia mazoezi ya kufundisha, darasa la tatu lilikuwa na watoto zaidi ya 90. Mmoja wao alikuwa na daftari safi kuliko wengine wote. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na kila kilichoandikwa ubaoni alikinakili bila kukosea. Alipoombwa asome alichokiandika, hakuweza kusoma hata neno moja. Alikuwa akichora herufi. Kwa miaka miwili daftari lake lilipigiwa alama ya vema, na hakuna aliyemsikiliza akisoma.

Mtoto huyo hakuwa mtukutu wala mtoro. Hakuonekana kwa sababu alikuwa kimya na msafi. Kanisa linapofundisha kwamba kila mtu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu (taz. Mwa 1:26-27), ndani ya darasa maana yake ni kwamba hakuna mtoto anayeruhusiwa kuwa sehemu ya idadi tu.

Zipo njia zinazomsaidia mwalimu mmoja kuwaona wengi. Njia ya kwanza ni kuwapa watoto dakika moja ya kufikiri kila mmoja peke yake, kisha wajadiliane wawili wawili, ndipo wachache waeleze mbele ya wote. Kwa njia hiyo watoto 90 wamezungumza, badala ya watatu wanaonyoosha mikono kila siku. Njia ya pili ni kuwagawa katika makundi ya watoto sita sita, kila mmoja akiwa na jukumu lake, na majukumu yakibadilishana kila wiki ili mwenye aibu naye apate zamu ya kuongoza. Ya tatu ni kuwa na orodha ya kuwasikiliza watoto watano wakisoma kila siku. Kwa darasa la watoto 90, siku 18 za masomo zinatosha kumsikiliza kila mmoja. Ya nne ni kutengeneza zana kutokana na mazingira: vizibo vya soda na mbegu za kuhesabia, kadi za maneno zilizokatwa kwenye maboksi, magunia yaliyoandikwa silabi na kutundikwa ukutani.

Hata hivyo, tusijidanganye. Mbinu hizi hupunguza madhara ya msongamano, hazihalalishi msongamano wenyewe. Kuwaambia walimu wawe wabunifu huku tukinyamaza kuhusu upungufu wa walimu, vyumba na madawati ni kuwatwisha peke yao mzigo wa jamii nzima.

Nidhamu isiyojengwa juu ya hofu

Mbinu shirikishi haziwezi kukua mahali penye woga. Mtoto hatajibu “Umejuaje?” ikiwa anajua kwamba jibu baya linalipiwa kwa fimbo. Kanuni za nchi yetu za mwaka 2002 zinampa mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, mamlaka ya kutoa adhabu ya viboko visivyozidi vinne, tena kwa makosa mazito ya nidhamu. Kushindwa kukokotoa hesabu si kosa la nidhamu.

Mtakatifu Yohane Bosko, aliyewalea vijana wa mitaani mjini Torino katika karne ya 19, aliandika mwaka 1877 kuhusu njia yake ya malezi, inayosimama juu ya nguzo tatu: akili, dini na upendo. Alitaka mlezi awepo kati ya vijana, awafahamu, awaeleweshe sababu ya kila kanuni, na kuzuia kosa kabla halijatokea kuliko kusubiri liadhibiwe. Hakuwa mlegevu. Alijua kwamba hofu huondoka pamoja na anayeogopwa, lakini dhamiri hubaki na kijana hata akiwa peke yake. Mtume Paulo naye anawaonya wazazi wasiwachokoze watoto wao, bali wawalee katika adabu na maonyo ya Bwana (taz. Efe 6:4).

Vishikwambi na akili mnemba

Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika viligawiwa kwa walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake. Hizo ni neema. Mwalimu wa kijijini anaweza kupakua kitabu asichokuwa nacho, au kuwaonyesha watoto picha ya moyo unaodunda badala ya kuuchora ubaoni. Anaweza pia kutumia programu ya akili mnemba kupata rasimu ya maswali ya mazoezi, mradi ayakague moja baada ya jingine, kwa maana programu hizo hukosea kwa kujiamini.

Hati ya Vatikano Antiqua et Nova, ya tarehe 28 Januari 2025, inaeleza kwamba uwepo wa mwalimu katika mwili hujenga uhusiano ambao mashine haiwezi kuuiga, na kwamba teknolojia itumike kukuza uwezo wa kufikiri badala ya kuuchukua. Kwa lugha nyepesi: programu inaweza kumpa mwanafunzi insha nzima, lakini haiwezi kumpa uchungu wa kuitafuta sentensi sahihi, na ni uchungu huo unaoikomaza akili. Mwalimu mtarajiwa ajifunze kutoa kazi ambazo haziwezi kunakiliwa: kumhoji bibi kuhusu kilimo cha zamani, kupima kivuli cha mti mara tatu kwa siku, kueleza kwa mdomo njia aliyoifuata.

Wanaoachwa pembeni

Mchungaji mwema huwaacha 99 na kumtafuta mmoja (taz. Lk 15:3-7). Katika darasa, huyo mmoja ana sura nyingi: mtoto asiyeona vizuri anayeketi nyuma kwa sababu hakuna aliyemuuliza, mtoto mwenye ulemavu ambaye choo cha shule hakimfikiki, anayesinzia saa nne kwa sababu hajala tangu jana. Yupo pia binti aliyejifungua. Tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu wanafunzi wa namna hii kurudi katika mfumo rasmi wa elimu. Mlango umefunguliwa, lakini binti akirudi na kukutana na vicheko vya wenzake na maneno ya mafumbo ya mwalimu, atauona umefungwa tena. Kumpokea si kuidhinisha kosa. Ni kuukataa uongo kwamba maisha yake yamekwisha.

Wajibu wa wazazi na parokia

Mwalimu mpya hupangiwa kazi mahali asipojulikana, mara nyingi akiwa na sanduku moja na mfuko usio na kitu. Parokia au kigango kinachomsaidia kupata chumba cha heshima na kumkaribisha katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo kimewasaidia watoto wake chenyewe. Mwalimu aliyepokelewa hukaa, na asiyepokelewa huomba uhamisho.

Wazazi nao wana kazi isiyohitaji shahada. Badala ya kumuuliza mtoto “Umekuwa wa ngapi?” peke yake, amwombe amsomee ukurasa mmoja kila jioni. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuona kama mtoto anasoma au anabahatisha. Ahudhurie vikao vya shule, atoe mchango wa chakula cha mchana bila kusukumwa, na asimseme vibaya mwalimu mbele ya mtoto. Akiwa na lalamiko, aende ofisini kwa heshima.

WAWATA, VIWAWA na vyama vingine vya kitume vinaweza kushirikiana na walimu wastaafu kufungua ukumbi wa parokia jioni mbili kwa wiki, uwe na taa na meza, kwa ajili ya watoto wote wa kijiji bila kubagua dini zao. Hiyo nayo ni katekesi.

Hitimisho

Darasa tunaloliota, sisi tunaojiandaa, si la kioo wala la mashine nyingi. Ni darasa ambamo mtoto anaweza kukosea bila kutetemeka na kuuliza bila kuchekwa, na ambamo jina lake linajulikana na mwalimu. Baadhi yetu tutalipata likiwa na madawati machache na paa linalovuja, na tutashawishika kuwa kama wale waliokata tamaa kabla yetu. Ndiyo maana tunaomba sala zenu, na pamoja na sala, mkono wenu.

Tunapowaombea mapadre na watawa katika maombi ya waamini, tuwataje pia walimu na wanaojiandaa kuwa walimu. Kristo Mwalimu, aliyeinama kuwaosha miguu wanafunzi wake (taz. Yoh 13:1-15), awajalie unyenyekevu wa kuinama hadi kimo cha kila mtoto. Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, utuombee.